Mlango wa Nyuma wa Nasieku

Nasieku, binti wa wafugaji wa magharibi ya Mlima Meru, alikuwa msichana pekee katika kikundi chao, kwenye chuo kimoja cha ufundi mjini Arusha. Mwaka ule wa tisini na nne, vikundi vilishindana kubuni zahanati ya kukunjwa na kubebwa kwa gari. Mfano utakaoshinda ungejengwa kweli na kupelekwa huko kwao.

Nasieku akakata mlango wa pili nyuma ya mfano wao wa kadibodi, akauimarisha kwa spoku za baiskeli. Hans, kiongozi wao, akafoka.

"Dada, umetumaliza! Ukuta hautabeba paa."

"Kwetu, mama mwenye uchungu wa kuzaa hapiti mbele ya wakwe zake waliokaa foleni. Atarudi kuzalia porini."

Siku ya mashindano mwalimu akaweka jiwe juu ya paa la mfano wao. Kadibodi ikalia, ukuta wa nyuma ukapinda. Hans akanyoosha mkono kuushikilia.

"Toa mkono!" Nasieku akamkemea. "Kule hutakuwepo."

Ukuta ukapinda tena kidogo, kisha ukatulia. Mwalimu akaongeza jiwe la pili. Haukusogea.

"Huu ndio tutakaoujenga," akasema.

Hans akashusha pumzi. "Haya, mama mkwe, umeshinda."

Nasieku hakucheka. Alikuwa ameinama akiutazama ule mlango, kama anayemsubiri mtu aingie.