Kichuma cha gitaa langu

Napiga gitaa la solo kwenye kwaya ya kigango chetu, Bigwa. Juzijuzi nilinunua gitaa lenye kile kichuma cha pembeni, ukikibonyeza sauti inayumba kama inalia. Nikanogewa. Kila wimbo wa matoleo nilikibonyeza huku nimefumba macho.

Kwaya ikaanza kupotea kwenye sauti. Mimi mjuaji nikamwambia mwalimu wa kwaya kwamba Mama Felista wa sauti ya kwanza anashuka. Mama wa watu alipoambiwa, akaacha maji ya baridi, akawa anatafuna tangawizi ya Matombo kutwa. Jumamosi, kwenye mazoezi, akaaga: anajitoa, asituharibie sikukuu inayokuja.

"Subiri, mama," mwalimu akasema. "Imba peke yako." Akaimba, akalingana kabisa na kinanda. Mwalimu akanigeukia. "Na wewe, piga. Usiguse hicho kichuma."

Nikapiga. Nyuzi zote zilikuwa zimelegea. Kumbe siku zote nilipokibonyeza kile kichuma, hazikurudi mahali pake, na kwaya ikalifuata gitaa.

Mama Felista akaja, akakizungusha kile kichuma mpaka kikachomoka, akakitia mkobani pamoja na tangawizi yake. Nikashusha pumzi: hajitoi tena.

"Shikamoo, mama," nikasema, ingawa nilishamwamkia tulipofika.

"Marahaba. Kaza nyuzi, mwanangu, tuimbe."