Mnana Aliyejenga Ukweni

Hapa Kihonda huwa naamshwa na minana. Wamejaa kwenye mnazi wa jirani, na kelele zao ni kama za wanawake kumi wanaogombea bomba moja la maji. Jirani hulalamika. Mimi huchemsha chai, nikatoa kigoda nje, nikawatazama mpaka chai ikapoa. Wajukuu hunicheka: bibi mzima, kazi yake kutazama ndege! Nawaacha wacheke. Lakini ninyi nitawasimulia furaha hii ilianzia wapi, maana nusura imgharimu baba yangu nyumba yake.

Ilikuwa wakati wa Mjerumani, miaka ile reli ilipokuwa imefika Morogoro na ikisukumwa kwenda bara. Baba alichukuliwa kubeba mataruma ya reli. Siku moja chuma kilimwangukia, kikamvunja mguu, akaletwa nyumbani kwa machela. Mguu ulipona, lakini ulipona umepinda. Hakuweza tena kupanda mlima na jembe begani.

Kwetu Uluguru ardhi ni ya upande wa mama. Baba alikuja kuoa na kulima kwa wakwe zake, na mwanamume wa namna hiyo asipoweza kulima, hata kula anakula kwa kujificha. Mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa msemaji wa ukoo. Hakuwa mtu mbaya, ila alipenda mambo yanyooke. Alimwambia mama mbele yetu sote kwamba tungoje mavuno. Kama mumewe hana analoliweza, basi arudi kwa ndugu zake Mikese, wamtunze wao.

Ndipo baba akaomba apewe kazi ya kuamia ndege, kuwafukuza wasile mtama. Ilikuwa kazi ya watoto. Mimi, Tekla, nilikuwa na miaka kama minane na nilikwisha kupewa kazi hiyo, kwa hiyo tukawa wawili juu ya dungu, jukwaa la miti lenye paa la nyasi katikati ya mtama. Kamba zilizofungwa vibuyu vitupu zilitoka pale kwenda pembe zote; ukizivuta, shamba zima linatatarika na ndege wanaruka. Baba alikaa ameupa mlima mgongo, akinuka dawa ya majani aliyofungwa gotini. Siku za kwanza hakuniambia zaidi ya "Vuta" na "Acha."

Mimi nilikuwa na siri yangu. Chini kidogo, kwenye mti ulioinamia kijito, mnana dume alikuwa anajenga. Alikuwa wa manjano kama kiini cha yai, uso mweusi. Alichana jani la tete kwa mdomo, akaruka nalo likimpepea nyuma kama utepe, akalifunga kwenye kitawi fundo ambalo mimi na vidole vyangu kumi nisingeliweza. Nyumba ilipokamilika, akaning'inia chini yake, akapigapiga mabawa, akaita. Jike akaja, akaingia, akavuta unyasi mmoja, akatoka akaenda zake. Dume akaibomoa nyumba yote, akaanza upya.

Nilishindwa kuvumilia, nikamwonyesha baba. Alitazama kwa muda mrefu.

"Maskini," akasema. "Na huyu naye kajenga ukweni."

Akacheka. Tangu aletwe kwa machela sikuwa nimemsikia akicheka. Tangu siku hiyo tukatazama kwa zamu: mmoja analinda mtama, mwingine anamtazama fundi wetu na kumsimulia mwenzake.

Mtama ulipoanza kukauka, mchana mmoja baba alishuka kwa mkongojo wake kwenda kijitoni kuosha mguu. "Zamu yako kulinda, Tekla," akasema. Nikaitika. Lakini hakufika mbali, yule jike akatua kwenye nyumba ya tatu. Akaingia. Hakutoka. Nilisahau shamba, nilisahau kamba, nilisahau hata kupumua. Kilichonizindua ni sauti kama ya mvua juu ya majani makavu, na mbinguni hakukuwa na wingu. Kweleakwelea! Nilivuta kamba mpaka viganja vikachubuka. Walipoinuka, pembe nzima ya shamba ilibaki masuke matupu.

Baba alipanda akihema. Akaliangalia shamba, akaniangalia mimi, kisha akautazama mti. Mjomba alikuwa ameliona lile kundi kutoka kwake, akaja mbio.

"Ilikuwaje?"

Nilifungua mdomo. Baba akaniwahi.

"Nilisinzia, shemeji. Mtoto nilimtuma maji."

"Hata kazi ya mtoto imekushinda," mjomba akasema, taratibu kabisa. "Basi Jumapili tutakaa, tupange safari ya Mikese."

Mama alikuwa ameshuka kutoka kwenye matuta ya juu, jembe mkononi. "Kaka," akasema, "mtama huu kaulima nani?"

"Umeulima wewe."

"Basi uliopotea ni wangu. Tutakula mihogo. Mume wangu haendi popote."

Mjomba aliondoka ananung'unika. Jioni mkewe akatuletea kikapu cha mtama, akakiweka mlangoni kama mtu aliyekisahau.

Kesho yake juu ya dungu niliingoja fimbo. Baba alikaa, akanyoosha mguu wake.

"Yule jike aliikubali nyumba?"

"Aliikubali, baba. Aliingia, hakutoka."

"Afadhali," akasema. "Basi hatukupoteza bure."

Tangu hapo sijaacha. Nimewatazama ndege nikiuza kabichi sokoni, nikisahau kurudisha chenji. Nimewatazama nikiwa na mtoto mgongoni. Utotoni nilidhani baba aliniokoa na viboko tu. Nilipoolewa mimi mwenyewe ndipo nilipoelewa alichokiweka rehani kwa neno lile moja: mke, mtoto, na paa juu ya kichwa chake.

Baba alipokwisha kufariki, nilimwungamia mama. Alikuwa anamenya maharage, hakuinua kichwa.

"Nilikuona kutoka matutani," akasema. "Umekodolea mti, mdomo wazi, baba yako yuko kijitoni."

"Mbona hukusema?"

"Baba yako alikwisha kusema. Ningemfanya mwongo mbele ya kaka yangu?"

Miaka yote ile nilidhani siri ni ya watu wawili. Kumbe tulikuwa watatu, na wa tatu ndiye aliyeulima ule mtama kwa mikono yake.