Mumina, Msemaji wa Picha za Mbuzi

Jua ndiyo kwanza linapasha mabati ya mtaa wa Chechelesi, na Mumina Golicha ameisogeza simu karibu na mdomo kama anayembembeleza mtoto.

"Mashallah," anaanza. "Mbuzi jike, mweusi. Sikio la kushoto limekatwa ncha. Pembe zimelala nyuma. Miguu yote mizima."

Anatuma sauti hiyo kwenye kundi la WhatsApp la wauza mifugo.

Mumina hutengeneza simu kibandani. Kioo cha mtu kikivunjika ndipo naye anapokula. Kusema picha hakumletei senti.

Ilianza na Abba Halake, mzee dalali wa mifugo aliyepofuka miaka sita iliyopita. Mumina alimwashia sauti inayosoma maandishi ya simu, na mzee akafurahi hadi akaijibu salamu. Lakini wauzaji hutuma picha tu, na picha ikifika simu husema neno moja: "Picha."

"Picha, picha! Nilimwambia, binti yangu, simu hii inaniletea mbuzi ndani ya gunia," Halake anasema akicheka.

Basi Mumina akawa macho yake. Siku moja akamsifu mbuzi wa Mama Sabdio wa Burat mbele ya kundi zima: "Mnono huyu, maziwa tele!" Hakutanguliza jina la Mungu. Wiki hiyo mbuzi akaugua.

"Msichana ana jicho baya," Sabdio akalalamika. Wengine wakaogopa, wakamwambia Mumina anyamaze. Halake akabaki tena na neno lake moja.

"Nililia," Mumina anasema, macho chini. "Si kwa sababu ya maneno yao. Mzee alikuwa ameanza tena kuvaa kofia yake ya sokoni."

Alikwenda Burat kuomba radhi, akashinda huko akimnywesha mbuzi maji kwa kikombe. Jioni mbuzi akasimama.

"Haya, sema," Sabdio akamwambia. "Lakini uanze na Mashallah."

Sasa Mumina ana tumaini moja. "Natamani kila anayetuma picha aiseme mwenyewe. Hata nikiwa mgonjwa, Abba asikose soko."

Simu inalia. Ni picha mpya, na safari hii ina sauti nyuma yake. Sauti ya Sabdio.

"Mashallah. Abba Halake, beberu mwekundu huyu, ana ndevu za hina kama zako."

Kisha mzee anajibu, sauti imejaa soko:

"Kama ana ndevu zangu, basi amezeeka huyo. Shusha bei!"