Yuko Zamu Shimo la Tatu

Jina alilopewa na wazazi wake lilikwishasahaulika. Watu walimwita Bi Miche. Mradi wa kusafisha ardhi ya mgodi ulipoanza, yeye ndiye aliyewekwa bustanini kujaza udongo kwenye viriba vya miche na kumwagilia, halafu kupanda miti juu ya vilima vya vifusi vyeusi. Kampuni ya makaa ya mawe ilikuwa imekwenda zake zamani, ikaacha vilima hivyo, bwawa la maji mekundu ambayo hata mbuzi aliyasusa, na mashimo yaliyoachama. Kula wale wao, kuosha vyombo tuoshe sisi! Lakini Bi Miche alikuwa na mkono wa baraka, na miche aliyoipanda ilishika hata penye majivu matupu.

Mumewe alikuwa mchimbaji. Siku dari ya shimo la tatu ilipoporomoka, wenzake walitoka, yeye hakutoka. Kampuni ikazungusha waya mdomoni mwa shimo, ikatoa pole, basi. Alimwacha mkewe na mimba changa, akazaliwa binti ambaye sasa ameolewa mbali.

Sasa, watu wa mgodini wana mdomo wao. Aliyebaki chini hawamtamkii neno kufa. Ukilitamka, unawaitia kifo na wengine. Husema "yuko zamu". Ukimuuliza mtu habari za kaka yake akakujibu yuko zamu, unaelewa, unavua kofia, mnaongea mengine. Mgodi ulifungwa, wachimbaji wakazeeka, neno likabaki vilevile. Kwa hiyo Bi Miche hakuwa mke wala mjane. Msiba haukuwekwa, na kulia alilia kwenye mto wake tu. Aliishi na mama mkwe wake, wakala chungu kimoja, na sokoni watu wakamuuliza, "Mwenzio bado yuko zamu?" Naye akajibu, "Bado." Zamu gani hiyo isiyo na mwisho! Mwanamke alichoka. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: mifupa ya mumewe itolewe izikwe, naye akae chini alie kama wanawake wenzake.

Nafasi ikaja. Mhandisi wa mradi, kijana mpole wa kutoka mjini, aliitisha mkutano kwenye ghala la zamani la taa za wachimbaji. Ardhi ilikuwa imeanza kudidimia, na ng'ombe wa watu alikwisha kutumbukia. Mashimo yote, akasema, yatajazwa mawe na kufunikwa zege.

"Lakini kama kuna shimo lenye mtu aliyefia humo, niambieni sasa. Tutafukua kwanza, ndugu wapewe mtu wao. Tukishamwaga zege, basi tena."

Wazee wakaangalia viatu vyao. Bi Miche alimtazama mama mkwe wake kwa pembeni, akaiona mikono ile ya kizee imekamata upindo wa nguo. Neno lilikuwa limemfika kooni. Lakini alitamke mbele ya mama huyu? Si kumuua na yeye? Akasimama.

"Mume wangu yuko zamu shimo la tatu."

Loo! Ghala zima likashusha pumzi. Amesema!

Mhandisi akaitikia kwa adabu. "Ahsante, mama. Usiwe na wasiwasi kabisa. Tutamhamisha kwanza ndipo tuanze kazi."

Tutamhamisha! Bi Miche alirudi nyumbani hagusi ardhi. Akanunua shuka jeupe, akalifua ingawa lilikuwa jipya. Majirani wakachimba kaburi nyuma ya bustani, penye udongo laini. Mama mkwe akawa anafagia uwanja asubuhi na jioni, kama nyumba inayongoja mgeni.

Malori yakaanza kupita na mawe. Bi Miche alikuwa upande wa pili wa kilima anapanda, akajua wanaanza na mashimo yale mengine. Mwishowe akaona heri aende akaulize siku ya kufukua. Kuuliza si ujinga. Alipofika shimo la tatu, hapakuwa na shimo. Palikuwa na zege, bichi, na vijana wawili wanalisawazisha kwa ubao, mhandisi akiwasimamia.

"Mume wangu yuko wapi?" akamuuliza mhandisi.

"Shikamoo, mama. Mbona tulimhamisha tangu juzi? Yuko getini."

Alikimbia, maskini, umri ule. Getini alimkuta mlinzi wa shimo la tatu, mtu wa mbali aliyeletwa na kampuni ya ulinzi, kakalia kigoda, anapuliza chai.

"Bi Miche! Karibu chai," mlinzi akacheka. "Wamenitoa kule shimoni, wananiambia mimi ni mume wako. Nikasema haya, nani kalipa mahari?" Kisha akauona uso wake, akakiweka kikombe chini.

Mhandisi alipoelezwa, aliketi juu ya mfuko wa saruji akajishika kichwa. "Mlisema zamu, mama. Nikajua ni yule mlinzi wa pale! Ghala zima mlinisikia, kwa nini hakuna aliyesema amekufa?" Alikuwa analia waziwazi. Zege halivunjiki sasa, akasema. Likiguswa, kingo zote zitaporomoka na watu juu yake. Nani wa kumlaumu? Mgeni aliuliza kwa lugha yake, wenyeji wakamjibu kwa yao.

Bi Miche alimkuta mama mkwe wake mlangoni na ufagio.

"Wamefunga, mama. Hawakumtoa." Akaeleza yote. "Nilishindwa kulitamka lile neno mbele yako. Niliogopa kukuua."

"Kuniua mimi?" Kikongwe aliuachia ufagio. "Mimi nilijua amekufa siku ileile. Mwanangu wa kumzaa, nikose kujua? Ulikuwa na mimba changa, nikasema huyu akilia, mimba itatoka. Nikawasisitizia watu wasikutamkie. Halafu nikakuona umezoea, nikaogopa kukuvunja. Kule ghalani nilikuwa namwomba Mungu ulitamke wewe, ili na mimi nipate kulia."

Wakateremka chini palepale kizingitini, wakashikana, wakalia kwa sauti, kilio cha miaka yote ile. Kilisikika mpaka nyumba za mwisho. Na majirani, kusikia kilio kwa Bi Miche, wakajua maiti imefika. Wakaja mbio, wanaume wamebeba makoleo, wanawake wamefunga viuno.

Bi Miche akainuka, akajifuta uso kwa kiganja.

"Mume wangu amekufa," akawaambia. "Rudini na makoleo yenu. Hakuna wa kuzika."