Moshi Tuliouona Upande wa Liuli

Nilikwenda Liuli kuangalia kama mdogo wangu Skola bado yuko hai. Ijumaa jioni picha iliingia kwenye kundi la kwaya yetu hapa Mbinga: ziwa, na juu yake nguzo nene ya moshi mweusi. Chini mtu ameandika, boti inaungua upande wa Liuli, tuwaombee. Skola ameolewa huko, na siku hiyohiyo alikuwa apande boti kwenda Mbamba Bay kununua vitenge vya duka lake. Nilimpigia, hapatikani. Redio haikusema lolote, nasi tukaona inatuficha. Haukupita muda akina mama wa jumuiya walikuwa wamejaa sebuleni kwa Mama wanasali rozari, na mtu mmoja ameshaanza kuulizia turubai la msiba. Mama alikuwa na macho makavu.

Asubuhi nikapanda basi. Siku hizi ni lami mpaka ziwani, barabara inajikunja kufuata milima. Mashamba ya ngoro, yale mashimo yetu ya mlimani, yalikuwa yamejaa mahindi, na kahawa imeanza kuwa nyekundu. Siku nyingine ningeyatazama kwa wivu wa mkulima. Siku ile nilitaka yapite tu.

Kwenye kona ambapo ziwa linaonekana mara ya kwanza, moyo ulinipasuka. Moshi ulikuwepo bado, tena sasa nguzo tatu. Abiria wa pembeni yangu aliutazama, akaendelea kumenya chungwa lake. Nikajisemea watu wa ziwani wana roho ngumu. Sikumuuliza kitu, maana niliogopa atanijibu.

Kutoka Mbamba Bay nilichukua bodaboda. Dereva alisema hajasikia habari ya boti yoyote kuungua. Nikajua ananionea huruma, ndivyo tunavyomfanyia mfiwa asiyejua bado.

Liuli niliwakuta wanawake wanakimbilia ufukweni na masufuria na vikapu. Nikadhani wanakwenda kuzima moto. Mama mkwe wa Skola alikuwa amekaa kibarazani. Nilimpa shikamoo, akaitikia na kuniuliza mbona nimepauka hivyo. Nikamuuliza wamepona wangapi.

"Wamepona nini?"

Nikamwonyesha ule moshi. Akalitazama ziwa, akanitazama mimi.

"Mwanangu, ule si moshi. Ni wadudu. Tunawala."

Nikakaa chini. Akanieleza polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Wanaitwa nkungu, ni wadogo kuliko mbu, wanainuka majini kwa makundi, na ukiwa mbali unaona moshi mtupu. Upepo ukiwaleta ufukweni, wanawake wanapunga masufuria yaliyopakwa mafuta, wadudu wananasa, wanafinyangwa mikate na kuanikwa. Siku ya nkungu hakuna mwanamke anayesafiri, ndiyo maana Skola aliahirisha. Na simu? Imeisha chaji, nani atakumbuka simu.

Skola akatokea na sufuria lake, wadudu mpaka kwenye nyusi. Nikamkumbatia nikilia bila aibu. Akashtuka.

"Kaka, nani amekufa?"

"Wewe," nikamwambia.

Tulimpigia Mama kwa simu yangu. Skola aliongea. Kisha tukamsikia Mama akiwageukia wale wa sebuleni: "Jamani, inukeni mkapalilie. Mtoto wangu anakula wadudu."

Jioni ile tulikula ugali kwa nkungu. Ladha yake ina uchungu kidogo na harufu ya samaki, nami nilirudia sahani. Ziwa lilikuwa limetulia, watoto wanaoga, na mimi nilikuwa mwepesi kama nimetua gunia.

Jumapili nikarudi Mbinga na mkate mmoja wa nkungu ndani ya mfuko. Njia nzima nilijicheka. Nilikaa bega kwa bega na mtu mwenye jibu, nikaona afadhali niumie kuliko kumuuliza. Sisi watu wa kahawa na wale wa ziwa tuna barabara nzuri kati yetu, lakini hatujajuana. Sasa nikiona habari ya kutisha kwenye simu, kwanza natafuta mtu wa mahali hapo.

Nyumbani turubai lilikuwa limesharudishwa. Mama alikata kipande cha mkate, akakinusa, akakitia mdomoni. Akauliza kama ni Skola mwenyewe aliyeufinyanga. Nikamwambia ndiye, kwa mikono yake. Ndipo Mama akalia, huku anatafuna.