Mji wa Mume Wangu

Marehemu mume wangu aliniahidi mambo mengi, na mengi yalibaki maneno. Friji haikuja. Chumba cha uani hakikuezekwa. Lakini Ngazidja, kisiwa chao huko Komoro, alitupeleka, mimi na watoto, na sasa ninapokaa peke yangu alasiri, nyumba ikiwa kimya kiasi cha kunikera, ni safari hiyo inayonirudia. Namtamani mtu yule hata kwa ubishi wake.

Alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani mtaani kwetu Tanga, na imamu wetu akiugua ndiye aliyesalisha. Alikuja huku kijana, akanioa, na miaka yote hiyo hakuacha kuusifia mji wake. Embe zetu hazikuwa embe. Adhana zetu hazikuwa adhana. Nilimwuliza mara nyingi, kama huko ni peponi, kilichomtoa ni nini, naye alicheka tu. Alitaka watoto waione misikiti ya kale aliyokulia kabla hawajafika umri wa kutojali. Basi likizo ndefu ya shule ilipoingia tukafunga mizigo: mvulana wa miaka saba, msichana wa mitano, na mdogo wa mgongoni.

Ilikuwa miaka ile mamluki wa Kizungu walipoishika nchi ile. Rais alikuwepo, lakini bunduki zilikuwa zao, na watu walilisema hilo kwa sauti ya chini. Njiani kutoka uwanja wa ndege palikuwa na kizuizi. Mzungu wa sare nyeusi alichungulia ndani ya gari, akatutazama mmoja mmoja, kisha akampa binti yangu peremende. Tulipopita tu niliinyakua nikaitupa dirishani. Mtoto alilia mpaka Ntsoudjini, mji wa baba yake, ulio kaskazini kidogo ya Moroni.

Tulifikia kwa dada yake mkubwa. Kule nyumba ni mali ya wanawake. Mwanamume huhamia kwa mkewe, na watoto huhesabiwa ukoo wa mama. Wifi yangu aliwahi kuishi Unguja utotoni, kwa hiyo Kiswahili alikijua, na akawa mkalimani wangu. Lugha yao inafanana na yetu, lakini kila nilipodhani nimeishika iliniponyoka.

Siku za kwanza zilikuwa za raha tupu. Mume wangu alitupeleka Moroni, tukapita vichochoro mpaka kwenye msikiti wa kale ulio ufukweni, mweupe, wenye matao juu ya matao. Aliwashika watoto mikono akawagusisha ukuta, akawaambia hayo ni matumbawe na chokaa, na kwamba walioujenga ni watu kama sisi. Binti aliuliza kama Mtume aliwahi kuswali pale. Kaka yake aliuliza kama samaki nao huingia maji yakijaa. Baba yao alijibu yote, kwa uzito uleule. Tulikwenda pia kuzuru kaburi la sheikh mmoja wa twarika, na mdogo akalivuta pindo la kitambaa cha kijani mpaka nikatamani kujificha. Mtunzaji wa pale alicheka akambeba. Na mimi nilimtazama mume wangu akitembea mitaani, mikono ikining'inia, kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vikimbana. Sikuwahi kumwona hivyo Tanga. Nilimwonea wivu kidogo, na nikampenda zaidi.

Kisha ikaja Ijumaa. Alimvisha mwanetu kanzu mpya, wakaenda msikiti wa pale Ntsoudjini. Waliporudi mtoto aliuliza chakula kwanza, halafu akaniambia kwamba baba alikaa nyuma pamoja nao watoto. Nilicheka. Nilidhani aliwasimamia wasifanye fujo, kama alivyozoea chuoni kwake. Mume wangu aliomba maji, akanywa akiwa amesimama, akaingia chumbani.

Wifi yangu ndiye aliyenieleza, tukiwa jikoni tunakuna nazi. Kule mwanamume huwa mtu kamili akishafanya harusi kubwa, ambayo wao huiita ada: aoe binti wa mji mbele ya mji mzima, kwa dhahabu na ng'ombe na karamu za siku nyingi. Aliyekwisha kuifanya hujitanda shali yake begani na hukaa safu za mbele. Asiyeifanya huhesabiwa na vijana, hata akiwa na mvi. Hukaa nyuma. Wakubwa wakizungumza mambo ya mji, yeye husikiliza. Na mume wangu, ambaye Tanga wazee walimsubiri yeye ndipo wakimu Swala, alikuwa amemwoa mwanamke wa Tanga, kwa kahawa na haluwa.

Hakuwahi kuniambia. Miaka yote ya kuzisifia embe, hilo hakulitaja.

Wifi hakuwa akinisimulia ili kupoteza wakati. Mjomba wao, kaka wa mama yao, ambaye ndiye mwenye kauli katika ukoo, alikuwa ameshatafuta mchumba. Nyumba ya binti ilikuwa imekwisha kujengwa. Ndugu walio Ufaransa wangechangia. Kilichosubiriwa ni jibu la mume wangu tu.

"Wewe unabaki mkewe, wifi," aliniambia. "Hakuna anayekutoa. Tunataka na yeye awe mtu."

Sikuulizwa, niliarifiwa. Hasira zilinipanda, nikamwambia nimesikia mamluki wameoa pale pale kisiwani, wakapewa na majina ya Kiislamu, na hakuna aliyewaambia wakae nyuma na watoto. Aliweka kipande cha nazi chini, akanitazama kwa huruma ambayo sikuitaka.

"Hao hatuwasubiri," alisema. "Yeye tulikuwa tunamsubiri."

Mume wangu hakuniambia kitu, na mimi kwa kiburi changu sikumwuliza. Lakini hesabu yangu niliifanya. Akikubali, atahamia nyumba ya mke mwingine, kwanza kwa miezi, halafu moja kwa moja, na mimi nitakuwa na mume wa kutumiwa salamu. Wanangu kule wangekuwa wageni siku zote, kwa sababu mama yao ni mgeni. Akikataa, atabaki kijana wa mji mpaka kufa, na watamzika kama wanavyozika kijana. Kila asubuhi alitoka na watoto kwenda kuwaonyesha kuta fulani, kaburi fulani, chumba alichoanzia alifu. Nilimtazama mgongo akiondoka, nikijiuliza kama anawaonyesha mji au anauaga, na kama ni mji anaouaga au ni sisi.

Safari ya Mutsamudu, mji wa kisiwa jirani cha Nzuani, ilikuwa imepangwa tangu nyumbani. Mwalimu wake wa utotoni alikuwa mtu wa Nzuani, amezikwa Patsy, kijiji kilicho juu ya mji, na mume wangu aliweka nadhiri ya kuzuru kaburi lake. Wifi aliniambia harusi ingetangazwa tukisharudi. Tulipanda meli mchana, watoto wakatapika njia nzima, na mimi nikashukuru kuwa na kazi ya kufanya.

Mutsamudu watoto waliipenda kuliko kote. Vichochoro ni vyembamba mpaka mtoto akinyoosha mikono anagusa kuta za pande zote mbili, na mwanamke akija mbele yako kajitanda shiromani, shuka lao jekundu, mmoja wenu lazima ageuke ubavu. Waliipanda ngome mbio, wakakaa juu ya mizinga wakiiendesha kama punda. Mwenyeji wetu alinieleza habari za masultani. Niliitikia kila neno, wala sikusikia hata moja.

Kesho yake tulikwenda Patsy. Kaburi lilikuwa la kawaida, nyuma ya msikiti mdogo, na milangilangi ilikuwa imechanua jirani, harufu yake nzito kama ya chumba cha bi harusi. Mume wangu alisoma Yasini yote. Watoto waliokota maua, wakagombana, wakapatana. Alipomaliza aliyafuta majani juu ya jiwe kwa kiganja, akasema bila kunitazama:

"Nilimwambia mjomba kabla hatujapanda meli."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba nina mke."

Nilifurahi. Sitaki kujifanya mwema. Nilifurahi, nikakaa chini pale pale makaburini na mtoto mgongoni. Baadaye ndipo nilipokumbuka kumwuliza mjomba alisema nini. Alisema mjomba aliitikia kwa kichwa, akaagiza chai iletwe, akamwuliza kama Tanga mvua zimenyesha. Walizungumza mvua mpaka chai ikaisha. Mume wangu alinieleza hayo taratibu, akikung'uta kanzu yake, na nikaelewa kwamba mjomba hakuwahi kumwuliza habari za mvua maisha yake yote. Hizo ni habari za kumwuliza mgeni.

Tuliishi pamoja miaka mingi baada ya hapo, naye alifia mikononi mwangu. Hakunisimanga hata siku moja, na nilimchokoza vya kutosha. Lakini ninapomkosa sana, simwoni yule mgonjwa wa kitandani. Namwona alivyokuwa Ijumaa ile ya Mutsamudu, siku mbili baada ya Patsy.

Nilimsubiri kwenye baraza ya mawe mkabala wa msikiti wa Ijumaa, na binti yangu na mdogo. Watu walipoanza kutoka, mwanangu alinikimbilia, akanipa habari kwamba wenyeji walimwona baba ni mwalimu, wakamsogeza mpaka safu ya mbele. Mtoto alikuwa hajiwezi kwa furaha. Nyuma yake nilimwona mume wangu mlangoni, mzee mmoja kamshika mkono. Mzee yule alikuwa ametembea Unguja na Mombasa kwa biashara, na Kiswahili chake kilikuwa safi.

"Kwenu wapi, mwalimu?" alimwuliza.

Swali hilo nilikuwa nimelisikia akiulizwa na wauza duka, na makarani, na baba yangu mzazi siku aliyokuja kuniposa. Jibu lilikuwa moja, na alilitoa kidevu juu: Ntsoudjini, Ngazidja. Hata Tanga mitaani watoto walimwigiza. Safari hii alikawia. Alimtazama mwanetu aliyekuwa akirukaruka mbele yangu, kisha akanitazama mimi.

"Kwetu Tanga," alisema.

Miaka mingapi nilitaka kulisikia neno hilo, na magomvi mangapi niliyaanzisha kwa ajili yake. Niliinama haraka nikaanza kumfunga binti yangu kiatu, na kiatu kilikuwa kimefungwa tayari.