Kanusho na Kuku wa Komando

Kila mtu alimwita Kanusho, mkewe akiwemo pale alipokasirika. Kazi yake ilikuwa kuwasemea mastaa wa filamu, na enzi zake alikuwa moto wa kuotea mbali. Staa akilewa akavunja kioo cha hoteli, Kanusho alisema kioo kilikuwa kibovu tangu zamani. Staa akifumaniwa, Kanusho alisema walikuwa wakifanya mazoezi ya filamu. Waandishi wa udaku walicheka, kisha wakaandika hivyo hivyo.

Siri yake ilikuwa kutosubiri kashfa itokee. Akipata mteja mpya alimkalisha chini, akamtaka amwage siri zake zote, halafu akaandika kanusho la kila siri na kulihifadhi kwenye simu. Kashfa ikilipuka, yeye anabonyeza tu, hata chai yake haijapoa.

Ubaya ni kwamba kazi ilimwingia damuni. Nyumbani, mkewe akiuliza nani kamaliza sukari, alijibiwa, "Taarifa hizo hazina ukweli wowote."

"Kijiko kiko mdomoni, baba watoto!"

"Hiyo ni njama ya wasionitakia mema."

Siku hizi mastaa wanajisemea wenyewe mitandaoni, na wateja walimponyoka mmoja mmoja. Alibaki na Komando peke yake, shujaa wa filamu za vita mwenye kifua kama kabati, ambaye naye nyota yake ilikuwa imeanza kufifia. Kanusho alimng'ang'ania kufa na kupona. Bila Komando angekuwa mzee wa kukaa sebuleni, na jambo hilo lilimtisha mno, ingawa hakuwa amemwambia mtu, hata mkewe.

Ndipo asubuhi ya uzinduzi wa filamu mpya, akisaka miwani iliyokuwa kichwani mwake, akabonyeza ujumbe usio wenyewe. Badala ya mwaliko, waandishi wote wakapokea hivi: "Si kweli kwamba Komando anaogopa kuku."

Hakuna aliyekuwa amesema Komando anaogopa kuku. Hakuna aliyewahi hata kuwaza. Kufikia mchana, watu hawakuwa na mazungumzo mengine.

Komando akapiga simu. "Mzee, umeniua!"

"Tulia, mwanangu. Nitakanusha."

"Utakanusha nini tena, na umeshakanusha?"

"Basi nitakanusha kwamba nilikanusha."

"Sikiliza, mzee. Hili likiharibika, mimi na wewe basi."

Ukumbi ulijaa pomoni. Kanusho alivaa suti yake ya enzi zile, ambayo tumboni ilifunga kwa shida, akasimama kando ya Komando na kushika kipaza sauti. "Ndugu waandishi, Komando na kuku hawajawahi kukosana!"

Mbele kabisa aliketi mwandishi mmoja, mama mtu mzima aliyemjua Kanusho tangu ujana wao. Mama huyo alifungua begi lake la kamera taratibu. Akatoka kuku mweupe, mpole, akajikung'uta na kutazama huku na huku. Komando alijikaza kisabuni. Kuku akasogea kidogo. Komando akaruka juu ya meza, na kutoka mezani akampanda Kanusho mabegani, akilia, "Mtoeni! Mtoeni!"

"Haya, Kanusho," mama akauliza, "unasemaje?"

Kanusho alifungua mdomo aseme ni mazoezi ya filamu. Magoti yakagoma.

"Ni kweli," akasema. "Anawaogopa vibaya sana. Na ananivunja shingo."

Watu walicheka mpaka wakaanguka vitini. Mwishowe Komando mwenyewe akacheka, akasimulia jinsi jogoo alivyomkimbiza utotoni akiwa hana suruali. Alipigiwa makofi ambayo hakuwa ameyasikia kwa miaka.

Baadaye alimsindikiza Kanusho hadi mlangoni, mkono begani. "Mzee wangu, ahsante. Ila sasa sina siri. Utanikanushia nini?"

Nyumbani, mkewe alikuwa ameshaona yote kwenye simu. Alimsubiri mezani.

"Baba watoto, kazi ndiyo imeisha?"

"Taarifa hizo..." Kanusho akaanza. Shingo ikamuuma. Akavuta kiti, akakaa. "Ni kweli, mke wangu. Imeisha. Na naogopa."

Mkewe hakucheka. Alimsogezea kikombe cha chai na bakuli tupu.

"Na sukari?"

"Ni mimi," akasema Kanusho. "Tangu tuoane."